Uhandisi wa Mitambo na Nyuklia: Mbona Masomo Mengi Ni ya Kuchemsha Maji?

Mwezi wa saba nilikuwa nyumbani Sigi, upande wa Muheza, pale chini barabara inapoanza kupanda kwenda Amani. (Wengine wanaandika Zigi, hasa wakizungumzia mto. Ni kulekule.) Siku ya kwanza tu bibi yangu akanikaribisha kwa utani wake: "Haya mume wangu, hayo mabomu unayosomea utakuja kuyalipulia wapi? Huku tuna karafuu na hiliki tu."

Nilicheka, lakini swali lililofuata halikuwa la utani. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linakaribia kufungwa. Mbele yake kulikuwa na njia mbili: uhandisi wa mitambo hapa nyumbani, au kujaribu ufadhili wa kwenda kusoma uhandisi wa nyuklia nje. Akaniuliza, "Kaka, nchi yetu haina hata kinu kimoja cha nyuklia. Nikisoma hiyo si nitarudi kukaa barazani na cheti?"

Nilimjibu vibaya siku ile, kwa haraka haraka. Makala hii ndiyo jibu ambalo ningependa kuwa nimempa, na nadhani wapo wengine wengi wenye swali lake.

Tuanzie pale pale Sigi, maana mahali penyewe panasaidia. Ukifika kwenye geti la hifadhi ya Amani utaona nyumba ya zamani ya stesheni ambayo sasa ni kituo cha kupokelea wageni. Ndiyo, stesheni ya treni, porini kabisa. Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 walichepusha reli ndogo kutoka Tengeni, kwenye reli ya Tanga, ikaja hadi Sigi, kama kilomita 23, kufuata mbao. Upana wake ulikuwa sentimita 75 tu, wakati reli kubwa ya Tanga ni mita moja. Reli yenyewe imeshang'olewa siku nyingi, na sisi tulikua tukisikia habari zake kwa wazee tu.

Sasa fikiria kile kichwa cha treni. Kuna tanuri la kuni, juu yake kuna boila lenye maji. Maji yanachemka, yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa mpaka unakuwa na nguvu, halafu unasukuma pistoni na magurudumu yanazunguka. Kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme ni ndugu wa kichwa kile. Toa kuni, weka urani. Toa pistoni, weka tabaini, yaani panga boi kubwa la chuma linalozungushwa na mvuke. Badala ya magurudumu, funga jenereta. Hayo mengine yote, mabomba, pampu, valvu, vyuma vya kustahimili joto, ni kazi ambayo fundi wa treni ya Sigi angeitambua kama ungemwonyesha polepole.

Kwa hiyo unapoona chuo kimeunganisha "mitambo na nyuklia" katika idara moja, na vyuo vya namna hiyo viko vingi duniani, usishangae. Nyuklia ni namna ya kupata moto. Namna ya kuutumia moto huo bila kuunguza nyumba ni uhandisi wa mitambo.

Huo moto una nini cha ajabu? Nyutroni moja ikigonga kiini cha atomi ya urani-235, kiini kinapasuka vipande viwili na nyutroni nyingine mbili au tatu zinachomoka. Hizo nazo zinakwenda kugonga viini vingine. Vile vipande vinaruka kwa kasi kubwa na kugongana na atomi za jirani, na mgongano huo ndio joto lenyewe. Kazi ya mwendesha kinu ni kuhakikisha kwamba katika zile nyutroni mbili tatu, ni moja tu kwa wastani inayokwenda kupasua kiini kingine. Ikizidi moja, moto unapanda. Ikipungua, unafifia. Kuna fito zinazonyonya nyutroni, ukizishusha ndani ya kinu ni kama kuchomoa kuni jikoni.

Nguvu iliyomo ni kubwa kiasi kwamba mara ya kwanza nilipopiga hesabu nilidhani nimekosea sifuri. Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote inatoa joto la kama juli trilioni 80. Kilo moja ya kuni kavu inatoa kama juli milioni 16. Gawanya mwenyewe: ni tani 5,000 za kuni, yaani malori 500 ya tani kumi kumi, kwa kilo moja. Kwa mtu aliyekulia Usambara, ambako kila mlima una kovu la miti iliyokatwa, namba hiyo haisomwi kirahisi. Ila usije ukasema nimekudanganya: urani inayochimbwa ardhini, ikiwemo ile ya Mkuju kule Namtumbo, ina urani-235 isiyofika hata asilimia moja. Fueli ya vinu vingi hurutubishwa hadi kati ya asilimia 3 na 5, na hata hapo haipasuki yote. Na kuchimba kwenyewe kuna gharama zake kwa ardhi na maji.

Turudi kwenye maji, maana hapo ndipo mwanafunzi anatumia miaka yake. Kila aliyewahi kupika maharage Lushoto anajua yanachelewa kuiva kuliko Tanga mjini. Si maharage ya wagosi kuwa magumu! Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kidogo, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 95 badala ya 100. Ukiongeza kuni hayapandi zaidi ya hapo, yanakauka tu. Geuza hesabu hiyo sasa: ukiyakandamiza maji sana, yatakataa kuchemka hata kwenye joto kali. Katika aina ya kinu iliyoenea zaidi duniani, maji yanabanwa mara 150 na zaidi ya kanieneo ya hewa ya kawaida, na yanabaki maji hata kwenye nyuzi joto zaidi ya 300. Maji hayo yanapita kwenye fueli, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye mabomba mengine ambako maji ya pili ndiyo yanachemka na kuzungusha tabaini. Ni mantiki ya sufuria la presha jikoni, isipokuwa ukuta wa sufuria hili ni chuma chenye unene wa karibu shubiri nzima.

Somo la joto na nguvu, thamodinamiki, ndilo linalokufundisha haya, na ndilo linaloangusha wanafunzi wengi mwaka wa pili. Mimi mwenyewe nililirudia. Sikuwa sielewi hesabu, nilikuwa najaribu kukariri majedwali ya mvuke badala ya kujiuliza maji yanafanya nini ndani ya bomba. Somo hilo hilo litakwambia jambo ambalo wengi hawalipendi: kinu kinachozalisha joto la megawati 3,000 kinatoa umeme wa megawati kama 1,000 tu. Theluthi mbili inabidi uitupe, na mahali pa kuitupa ni baharini, ziwani, mtoni au angani. Ndiyo maana Koeberg karibu na Cape Town, kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi Afrika tangu 1984, kipo ufukweni. Ndiyo maana pia Kenya ilipotafuta eneo iliangalia pwani ya Kilifi, na wakazi wa Uyombo wakaandamana mwaka 2024. Mvuvi anayeuliza maji ya moto yatakwenda wapi anauliza swali la mtihani wa mwaka wa tatu. Mhandisi asiyeweza kumjibu kwa Kiswahili cha kawaida hajaiva.

Sasa nifike kwenye kitu ninachotaka kila mwanafunzi akijue kabla hajajaza fomu. Watu wakisikia ajali ya nyuklia wanawaza mlipuko wa bomu. Fueli ya asilimia 5 haiwezi kulipuka kama bomu la atomiki. Hatari yake ni nyingine, na ni ya kimya zaidi. Ukizima kinu, yaani ukishusha fito zote na mpasuko ukakoma kabisa, joto halikomi. Vile vipande vya atomi vilivyokwisha kupasuka vinaendelea kutoa mionzi na joto, kama makaa yaliyofunikwa na jivu. Dakika ile unapozima, joto hilo la masalia ni kama asilimia 6 au 7 ya nguvu ya kinu. Kwa kinu chetu cha megawati 3,000, hiyo ni karibu megawati 200. Linganisha: kituo cha Pangani, kinachotumia maji kama mita za ujazo 45 kwa sekunde yanayoshuka kama mita 170, kinazalisha megawati 68. Kwa hiyo kinu "kilichozimwa" bado kinatoa joto la karibu Pangani tatu.

Baada ya siku moja joto hilo linashuka hadi kama nusu asilimia, megawati 15 hivi. Ni kidogo? Linatosha kugeuza mvuke lita sita hivi za maji kila sekunde, mchana na usiku. Ndoo ya lita 20 kila sekunde tatu na kitu. Ukikosa ndoo hizo, maji yanaisha, fueli inaachwa wazi, na inayeyuka.

Ndicho kilichotokea Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilipopiga, vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vilijizima vyenyewe kama vilivyopangwa. Fizikia ya nyuklia ilifanya kazi yake. Kisha likaja wimbi la tsunami, likafurika jenereta za dizeli zilizokuwa ziendeshe pampu za kupoza, umeme ukakatika, na vinu vitatu vikayeyuka. Jenereta zilizowekwa chini mno, na pampu zisizo na umeme. Fundi yeyote wa mitambo ya maji Tanga angeelewa kosa hilo bila kuchorewa atomi hata moja.

Ndiyo sababu nikawa na msimamo, na mnaweza kunipinga: mtu anayetaka nyuklia asome mitambo kwanza, na aisome kweli. Kwetu pana mahali pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kitivo cha uhandisi tangu 1973, na shahada ni miaka minne. Utapita mekanika, nguvu za vyuma, mwendo wa maji na hewa ndani ya mabomba, upitishaji wa joto, michoro, karakana. Kila likizo ndefu kuna mafunzo kwa vitendo, ile PT ambayo wengine wanaikwepa kwa kutafuta ofisi yenye kiyoyozi wagongewe muhuri tu. Usiikwepe. PT yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda kimoja chenye boila la kuni, na wiki nzima nilikuwa nakwangua magadi yaliyoganda ndani ya mabomba. Niliona aibu, nimesoma miaka kumi na tatu kuja kukwangua mabomba! Leo, kwenye shahada ya pili, nusu ya utafiti wangu ni kuhusu uchafu unaoganda juu ya mabomba yenye fueli ya nyuklia na kuzuia joto kutoka. Ni magadi yale yale, tofauti ni kwamba sasa yana mionzi.

Kwenye shahada ya pili ndipo yanakuja masomo ya nyuklia yenyewe: tabia za nyutroni, hesabu za kinu, mionzi na mwili wa binadamu, na kinga ya mionzi. Kwa majirani zetu Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia. Wengine wanakwenda Urusi, Korea Kusini au Afrika Kusini. Na kwa wanaodhani jambo hili ni geni kwa Afrika: kinu cha kwanza cha utafiti barani, TRICO I, kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, na urani ya Shinkolobwe, kule Katanga wanakozungumza Kiswahili, ilichimbwa na watu wetu kabla ya hapo bila wao kuambiwa inakwenda kutengeneza nini.

Haya, na kazi? Mdogo wangu alikuwa na haki kuuliza. Lakini mkoa wake mwenyewe wa Tanga unalo jibu ambalo hata mimi nililijua nikiwa chuo. Miaka ya 1990 Unguja ilikuwa inasumbuliwa na mbung'o walioua na kudhoofisha ng'ombe kwa nagana. Dawa peke yake haikuwamaliza. Basi mbung'o wakafugwa Tanga, kwa mamilioni, madume yakapitishwa kwenye mionzi ya kiasi kilichopimwa ili yasiweze kuzalisha, kisha yakarushwa kwa ndege na kumwagwa juu ya misitu ya Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Likimpata dume tasa, limepoteza bahati yake. Kati ya 1994 na 1997 walimwagwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na hadi leo Unguja haina mbung'o.

Nani alihitajika hapo? Mtaalamu wa wadudu, bila shaka. Lakini pia mtu wa kuhakikisha chanzo cha mionzi kimekaa salama. Chukua kobalti-60, inayotumika kwenye mashine za kutibu saratani. Kila sentimita 1.2 hivi ya risasi inapunguza mionzi yake nusu. Ukitaka ipungue mara elfu, unahitaji nusu kumi, yaani sentimita 12. Mtu wa nyuklia anaishia hapo, amepata jibu. Mtu wa mitambo ndiyo kwanza anaanza: ukuta wa mita moja kwa mita moja wenye unene huo una uzito wa kilo 1,360, risasi ni laini na inajipinda kwa uzito wake yenyewe, mlango wake utafunguliwa na nani, bawaba zake ni za chuma gani, na umeme ukikatika mlango ukiwa wazi itakuwaje? Nusu maisha ya kobalti-60 ni miaka 5.27. Hospitali isipobadilisha chanzo kwa wakati, mgonjwa aliyekuwa analala chini ya mashine dakika mbili atalala nne, na foleni nje inarefuka. Mtu anayepanga ubadilishaji huo, anayekagua mashine za eksirei za wilayani, anayepima uchakavu wa mabomba ya gesi kwa mionzi bila kuyakata, ndiye tunayemhitaji tayari, kinu kiwepo kisiwepo. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ipo kwa sheria ya mwaka 2003, na kazi zake nyingi ni za namna hii.

Sitadanganya kwamba ajira zimejaa. Wenzangu wawili niliosoma nao wanafanya kazi za viwandani zisizogusa nyuklia hata kidogo. Lakini wanafanya kazi, kwa sababu wanajua pampu.

Siku mbili kabla sijaondoka nilimwambia mdogo wangu tuache maneno, twende tukapime. Nyuma ya shamba la bibi kuna kijito kinachoingia Sigi. Tulibeba ndoo ya lita 20, kipande cha bomba, simu ya kuhesabu sekunde, na mpira mwangavu uliojazwa maji wa kupimia kimo. Tukakinga maji yote kwa mawe na udongo yapite kwenye bomba. Ndoo ilijaa kwa sekunde nne, kwa hiyo lita tano kwa sekunde. Mteremko tulioupata ulikuwa mita 12. Zidisha lita tano kwa 12 kwa 9.81, unapata wati 589. Kimashine kidogo cha kuchonga wenyewe kitapoteza kama nusu, zinabaki 290 hivi.

Mdogo wangu aliiangalia ile ndoo, akasema, "Kaka, si ndoo ile ile ya Fukushima hii? Kijito hiki kingekaribia kutosha." Kingekaribia. Nikamwambia tatizo si maji, ni nani atakayeyafikisha pale juu wakati kila kitu kimezimika, na kabla ya kujenga chochote itabidi waulize Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana mto una wenyewe hadi Tanga mjini.

Alijaza fomu jioni ile ile. Mitambo, chaguo la kwanza. Bibi alitaka kujua kitu kimoja tu: hizo wati 290 zitawasha nini. Tukamwambia taa za nyumba nzima, redio, televisheni, na kuchaji simu za majirani.

"Na pasi?"

Pasi ni wati elfu moja. Pasi hapana, bibi.

"Sasa mmesoma nini nyie?"